Kesi ndogo ya zamani na kazi ya leo (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu, leo tuongee jambo ambalo wengi wanalinong'ona tu: ile kesi ndogo ya miaka ya nyuma inayokufanya uogope kuomba kazi. Hebu tuone historia yake hapa Pennsylvania, maana ukijua ilikotoka utajua pa kuanzia.

Zamani sheria ilikuwa ngumu jamani. Ukishahukumiwa kwa kosa dogo (siyo vile vya faini tu), ungeweza kuomba rekodi ifutwe ukifika miaka 70 na kukaa miaka 10 bila kukamatwa, au ukiwa umeshakufa miaka 3! Vinginevyo, uombe msamaha wa gavana. Sasa mama wa miaka 28 mwenye watoto wawili asubiri hadi 70?

Kwenye kazi za kutunza wazee ilikuwa mbaya zaidi. Sheria ya miaka ya 1990 iliwazuia maisha yote watu wenye makosa fulani, hata kama ni ya miaka mingi iliyopita. Mwaka 2015 mahakama ya jimbo ikasema kizuizi hicho kinavunja katiba.

Mwaka 2016 ikaruhusiwa kuomba mahakamani makosa madogo mepesi yafungwe baada ya miaka 10. Afadhali, lakini ilitaka fomu, ada, na mara nyingi wakili. Anayefanya shifti mbili ataupata wapi muda huo? Wengi waliostahili hawakuomba kabisa.

Ndipo ikaja sheria ya Clean Slate. Waliisukuma wabunge wa vyama viwili vinavyopingana, Sheryl Delozier wa Republican na Jordan Harris wa Democrat, na Gavana Tom Wolf akaisaini tarehe 28 Juni 2018. Pennsylvania ikawa jimbo la kwanza Marekani ambapo kompyuta zinafunga rekodi zenyewe, bila wewe kuomba. Kazi ilianza Juni 2019, na ndani ya mwaka mmoja zikafungwa kesi zaidi ya milioni 30, zikiwemo za watu ambao hata hawakukutwa na hatia. Mwaka 2020 sharti la kumaliza kwanza faini na ada za mahakama likaondolewa. Fidia ya aliyeumizwa bado lazima ilipwe. Mwaka 2023 muda wa kusubiri kwa makosa madogo ukashuka kutoka miaka 10 hadi 7.

Maana yake nini kwako? Mwajiri wa kawaida haioni tena, na sheria inakuruhusu kujibu kana kwamba haikutokea.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wanaumia:

1. Siyo kila kosa linafungwa. Polisi na mahakama bado wanaona.
2. Kazi zinazotaka alama za vidole za FBI, kama za watoto, huenda bado zikaonyesha.
3. UHAMIAJI. Kwenye fomu ya uraia, kesi iliyofungwa bado unaitaja. Ukiificha, kosa dogo linageuka kuwa kubwa.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, hakikisha kwanza kama yako imefungwa. Philadelphia kuna Community Legal Services, walioipigania sheria hii, wanasaidia bure wenye kipato kidogo. Na kama huna uraia, muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Mtumie dada mmoja anayeogopa kuomba kazi. Huenda rekodi yake ilishafungwa na hajui.