Sweta la Vifungo na Mikono Iliyolifuma



Kamati ya maandalizi ilinipangia ukurasa wa historia. Nadhani walitaka historia ya kikundi, lakini hiyo Katibu ameshaiandika, na hesabu za hisa Mweka Hazina ameziweka zote, hata senti. Kwa hiyo mimi nimeona niandike historia ya kitu ambacho kimetuumiza vidole mwaka huu mzima, yaani sweta la vifungo, ambalo wengine huliita kadigani. Sisi wa Njombe hatuhitaji kuelezwa sweta ni nini. Ikifika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi umande umeganda kwenye majani na mtoto anakwenda shule anatetemeka. Ila lilikotoka sweta lenyewe, na kwa nini lina jina la mtu, hilo wengi waliniuliza, na nikaona si vibaya kulijua.

Kadigani ni jina la cheo cha bwana mmoja mkubwa wa Uingereza. Jina lake hasa lilikuwa James Brudenell, na kwa cheo cha ukoo wao alikuwa Lord Cardigan wa saba. Alizaliwa mwaka 1797 na kufariki mwaka 1868. Cardigan penyewe ni mji huko Wales. Bwana huyu alikuwa askari wa farasi, tajiri sana, mtu wa majivuno na ugomvi. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, aliongoza wapanda farasi zaidi ya 600 kwenda moja kwa moja kwenye mizinga ya Warusi, mahali panapoitwa Balaclava. Amri ilikuwa imeeleweka vibaya. Watu wengi walikufa na farasi wengi zaidi. Yeye alirudi mzima, na huko vitani alikuwa akilala kwenye merikebu yake binafsi wakati askari wake wanalala kwenye matope. Aliporudi kwao alipokewa kama shujaa, na wenye maduka wakauza kizibao cha sufu cha kufunga mbele kwa jina lake, kwa kuwa inasemekana alivaa cha namna hiyo kule kwenye baridi. Basi ndiyo asili ya jina.

Tena hakuwa peke yake. Mkono wa sweta unaoanzia shingoni na kushuka kwa mshazari mpaka kwapani unaitwa raglani. Lord Raglan alikuwa mkuu wa jeshi la Uingereza katika vita hivyo hivyo vya Krimea. Alikatwa mkono wa kulia kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815, na inasemekana koti la mkono wa namna ile lilishonwa ili aweze kulivaa kwa urahisi. Na boshori la kufunika kichwa, masikio na shingo, likabaki tundu la uso tu, Waingereza wanaliita balaklava mpaka leo, jina la mahali palepale walipokufa wale wapanda farasi. Halafu kuna ile namna ya kuunganisha vitanzi kwa vitanzi bila mshono kuonekana, tuliyoijua mwezi wa nne. Hiyo inaitwa kwa jina la Lord Kitchener, Waziri wa Vita wa Uingereza katika vita kuu ya 1914, aliyekufa baharini mwaka 1916 meli yake ilipogonga bomu. Inasemekana alitaka soksi za askari zisiwe na mshono unaokwaruza vidole.

Sasa mimi nauliza, hawa mabwana wakubwa watatu nani kati yao aliwahi kushika sindano za kufumia? Mavazi yana majina yao, lakini waliofuma ni nani? Hapo ndipo historia inapoanza kutuhusu sisi.

Ufumaji wa sindano mbili si wa Waingereza kwa asili. Vipande vya zamani vilivyobaki ni soksi za pamba za Misri, za rangi ya buluu na nyeupe, ambazo wataalamu wanakadiria ni za kati ya mwaka 1000 na 1400. Kutoka kwa Waarabu ufundi ukafika Hispania. Huko Burgos, ndani ya kaburi la mtoto wa mfalme aliyefariki mwaka 1275, zilikutwa foronya za mito zilizofumwa kwa hariri, kazi nyembamba ya kushangaza. Baadaye katika miji ya Ulaya wanaume waliunda vyama vyao vya mafundi wafumaji, na kijana alifundishwa kwa miaka kadhaa ndipo akaitwa fundi. Kwa hiyo anayekuambia kufuma ni kazi ya akina mama tu tangu dunia iumbwe, huyo hajasoma.

Mashine nayo si ya jana. Mwaka 1589 William Lee, mchungaji wa kanisa huko Calverton, Uingereza, alitengeneza mtambo wa kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kulinda ugunduzi wake, akihofia maskini waliokula kwa sindano watakosa kazi. Lee akahamia Ufaransa na akafia huko. Lakini mtambo haukufa. Ukaenea, na mwishowe kazi ya mkono ikabaki vijijini, kwenye baridi na umaskini, mikononi mwa wanawake.

Sasa niseme habari za Shetland, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Hivi ni visiwa vya kaskazini kabisa mwa Scotland, vina upepo, miti hakuna, na kondoo wao ni wadogo wenye sufu laini sana. Waume walikwenda kuvua samaki. Wanawake walilima, walifuga, walichimba udongo mkavu wa kuwashia moto wakaubeba mgongoni kwenye tenga, na huku wanatembea mikono inafuma. Zipo picha zao, nimezionyesha kwenye mkutano. Kiunoni walifunga mkanda wa ngozi wenye vitundu, ndani umejazwa manyoya ya farasi, na sindano moja inachomekwa hapo isimame yenyewe. Kulikuwa na kicheko siku ile, kwa sababu kila mmoja wetu ana bibi aliyetembea na kuni kichwani huku anasuka ukili.

Mwanamke wa Shetland alipomaliza shali au soksi alipeleka dukani. Mwenye duka hakumpa fedha. Alimpa chai, au kitambaa cha pamba, au karatasi iliyoandikwa kiasi anachodai, na karatasi hiyo ilitumika kwenye duka lilelile tu. Akitaka unga wa kulisha watoto, na duka halina unga, ilimbidi abebe ile chai akaibadilishe kwa jirani. Kodi ya nyumba huwezi kulipa kwa majani ya chai. Mambo yalizidi mpaka serikali ikamtuma mtu, William Guthrie, kwenda kusikiliza watu, na ripoti yake ikatoka mwaka 1872. Wafumaji wenyewe walikaa mbele yake wakaulizwa na kujibu, na kila swali na jibu likaandikwa pamoja na majina yao. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu cha kweli cha historia ya sweta. Mwaka 1887 ikapitishwa sheria kwamba hata anayefuma nyumbani kwake alipwe fedha. Desturi haikuisha siku ileile, maana sheria iko mbali na mwenye duka yuko karibu.

Naambiwa nisilete siasa kwenye kitabu cha sherehe. Hii si siasa. Mnakumbuka mwaka jana alitujia mfanyabiashara mmoja, jina lake siliandiki. Alitaka kutuletea nyuzi, tumfumie masweta ya shule, na malipo yetu tuchukue dukani kwake: sukari, mafuta, sabuni, yeye anaandika kwenye daftari. Mkutano ule ulichukua saa tatu. Mama mmoja mwenye watoto wanne alisimama akasema, "Mwenyekiti, mwezi wa pili ghala limekwisha, sukari ni sukari." Na kwa kweli hakusema uongo. Sikuweza kumbeza, wala leo simbezi. Lakini hisa hainunuliwi kwa sukari. Kila Jumatano sanduku letu linafunguliwa kwa funguo tatu na linapokea fedha. Mwanachama anayelipwa sabuni atakuwa anafuma usiku kucha na kitabu chake cha hisa hakisogei hata muhuri mmoja. Tulipiga kura, tukakataa. Tukakubaliana kikundi kikope kwenye sanduku, tununue nyuzi kwa jumla, na kila mmoja arejeshe akiuza. Wenzetu wawili hawakuridhika wakaenda kwa yule bwana. Hiyo ni haki yao, na viti vyao bado vipo.

Lakini ukikataa kazi ya bei rahisi inabidi uweze kazi ya bei nzuri, hapo ndipo tulipolazimika kujifunza. Sweta la shule la mashine linauzwa kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo. La mitumba ndiyo usiseme. Tukasema basi tufume ambalo halipo sokoni, la kumtosha mtu mwenyewe, la rangi mbili, la vifungo.

Ujuzi wa kwanza ulikuwa hesabu. Alikuwepo mama mmoja, Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910, akahamia Marekani mwaka 1937, akafundisha watu wengi kwa vitabu na televisheni mpaka alipofariki mwaka 1999. Yeye hakutaka watu wafuate karatasi ya vipimo kama kasuku. Alisema hesabu vitanzi vya kifua, na mengine yote yatatoka humo kwa asilimia. Mfano: umefuma kipande cha majaribio ukapata vitanzi 5 kwa inchi moja, na sweta linatakiwa liwe na inchi 40 kuzunguka kifua. Hiyo ni vitanzi 200. Mwanzo wa mkono pale kifundoni ni asilimia 20, yaani 40. Mkono ukifika juu ni asilimia 33, yaani 66. Shingo ni kama asilimia 40, yaani 80. Hesabu ya darasa la tano hiyo! Wapo waliokuwa wanasema hawajui hesabu, kumbe walikuwa wanazijua kwa riba za mikopo.

Ujuzi wa pili ni kufuma kwa mduara, kiwiliwili chote kama mfereji, bila mshono wa ubavuni. Ukifuma rangi mbili namna hii unaliona ua mbele yako muda wote. Mikono nayo inafumwa mviringo, kisha vyote vinaungwa kwenye sindano moja pale kwapani na kupunguzwa kwa mshazari kuelekea shingoni, yaani ile raglani ya yule bwana wa mkono mmoja. Kwapani vinabaki vitanzi vya mkono na vya mwili vinatazamana, na hapo ndipo panapoingia ule muungano wa Kitchener.

Sasa sweta ni mfereji, litafunguka vipi mbele? Mwalimu wetu akachukua mkasi. Mama mmoja alitoka nje, akasema hawezi kuona kazi ya miezi miwili inakatwa. Huo nao ni ufundi wa Shetland, na wa Norwei pia. Unapofuma unaongeza vitanzi kadhaa katikati ya kifua, kisha unakata katikati yao kutoka chini hadi juu. Sufu ya kule inashikana yenyewe, haifumuki ovyo. Uzi wetu wa dukani mwingi si wa sufu, unateleza, kwa hiyo tunapitisha kwanza cherehani mistari miwili kila upande wa pale patakapokatwa. Ukishakata, unaokota vitanzi pembeni kwa ajili ya mkanda wa vifungo, vitatu kwa kila mistari minne. Ukiokota kila mstari mkanda unakunjamana kama sikio la mbwa. Matundu ya vifungo kwa wanawake yako kulia kwa mvaaji.

Kumaliza ndiko kunakouza. Nyuzi za mwisho zifichwe ndani, vifungo vishonewe kwa uzi imara, sweta lifuliwe kwa maji ya vuguvugu, likamuliwe ndani ya taulo, litandazwe chini likauke na kunyooshwa kwa vipimo. Lisianikwe kwenye kamba, litarefuka.

Limebaki jambo moja ambalo halijaamuliwa. Nilipendekeza kila sweta ndani ya shingo lishonewe kitambaa chenye jina la aliyelifuma. Wapo wanaosema jina la kikundi linatosha, maana mteja akijua jina la fundi atamwendea nyumbani na sanduku litakosa fungu lake. Nimewasikia. Hata hivyo masweta ya siku ya sherehe yote yatakuwa na majina, kwa ruhusa ya kamati. Kura itapigwa Jumatano itakayofuata, na wale ambao hawajakata masweta yao waje nayo, cherehani nimeshaipeleka kwa fundi.