Chungu Kisichooshwa kwa Sabuni

Nilipokuwa na miaka tisa nilikiosha chungu cha bibi. Nilikitia sabuni ya mawese, nikakisugua kwa majivu mpaka harufu yote ikaisha, nikakianika juani. Nilitaka kumsaidia. Bibi alikiinamia, akakinusa, akaketi bila kusema neno. Wiki ile pombe yake ya mtama haikuumuka. Ilikaa tamu kama togwa, kisha ikawa kali kama siki, na watu waliokuja kumpalilia mihogo walirudi kwao koo kavu.

Chungu kile alikuwa amekuja nacho kichwani katika kijiji cha Simbo, Kigoma, Operesheni Kigoma ilipohamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa mwaka 1972. Vitanda viliachwa nyuma. Chungu hakikuachwa, kwa sababu chachu ilikuwa imeganda humo kwenye kuta za udongo. Mimi niliona uchafu.

Chachu ya pombe haikununuliwa. Mtama ulilowekwa usiku kucha, ukafunikwa kwa majani ya mgomba siku tatu au nne mpaka ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kwenye jiwe. Hicho ndicho kimea, na kazi yake ni kuutia uji utamu. Lakini kimea peke yake hakikutosha. Bibi alipika uji mzito, akausubiri upoe mpaka kidole kivumilie, akatia kimea, kisha akaongeza chachu yenyewe, yaani mashapo ya pombe iliyotangulia, bakuli moja tu. Uji ukiwa wa moto, alisema, utaiua chachu. Alisema "itakufa", kama mtu anayezungumzia kuku au mbuzi.

Na ilikuwa hai kweli. Mwaka 1857, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipokuwa njiani kutoka pwani kuja Ziwa Tanganyika, Louis Pasteur huko Ufaransa alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Wasafiri wale wawili walilifikia ziwa hilo Februari 1858 na kukaa Ujiji, na Burton akaandika habari za pombe ya nafaka, jinsi inavyooteshwa, inavyotwangwa na kuchemshwa. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa kiwanda cha Carlsberg, Denmark, alifaulu kuotesha chachu safi kutokana na chembe moja. Vitabu vinawataja wanaume hao, na wanastahili. Wanawake wa Buha, nchi yetu ya Kigoma, walioitunza chachu hai, mavuno baada ya mavuno, bila darubini, hawatajwi kwa jina hata mmoja. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa katika historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Tunamkumbuka msafiri Stanley chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871, lakini aliyewapikia wapagazi wake pombe hatumkumbuki.

Siku ile bibi hakunipiga. Alinishika mkono, tukaenda kwa jirani na kibuyu kitupu. Jirani alikoroga chungu chake, akatuchotea mashapo mazito ya rangi ya udongo, hakutaka malipo. Baadaye nilielewa kwamba mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuja kuomba kwetu. Mashapo yalikwenda na kurudi kama kaa la moto linavyoombwa jioni, hivi kwamba chachu ya nyumba moja ilikuwa ya kijiji kizima. Bibi aliyamimina ndani ya uji vuguvugu, akafunika kwa jani, akanikalisha karibu ili nisikilize. Asubuhi chungu kilikuwa kinanong'ona.

Sasa wengi wanatia hamira ya mkate, ya pakiti. Inaumua haraka, nami siwalaumu, maana kuni ni ghali na wateja hawasubiri. Ila ladha ile ya chungu cha bibi siipati tena, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na chachu yake.

Kama kwenu kipo chungu cha pombe cha zamani, msikitie sabuni kabla ya kumwuliza mwenyewe alikitoa wapi, na ni nani aliyempa mashapo ya kwanza. Liandikeni jina lake.