Mrama wa Meli: Hesabu ya Mwaka 1739 na Safari ya Pemba

Kama umewahi kupanda meli kutoka Malindi, Unguja, kwenda Mkoani au Wete, unalijua lile eneo baada ya Nungwi ambapo mifuko ya plastiki huanza kugawiwa. Meli inalala kulia, inarudi, inalala kushoto, inarudi tena. Kiswahili kina neno lake: mrama. Siku hizi tunasema mambo yamekwenda mrama hata kwa harusi iliyovurugika, lakini neno lenyewe ni la baharini.

Sasa, ndugu msomaji, nataka uangalie kitu kimoja: meli ikishalala, inachukua sekunde ngapi kwenda upande wa pili na kurudi? Wengi tunadhani meli inayoyumba polepole ndiyo salama, maana haitusumbui tumbo. Hesabu inasema tuwe waangalifu.

Tuanze na Leonhard Euler. Mwaka 1739, akiwa St. Petersburg, alimwandikia mwalimu wake wa zamani, Johann Bernoulli, kwamba amepata njia ya kutatua milinganyo tofautishi ya mstari yenye namba zisizobadilika. Njia yenyewe aliichapisha mwaka 1743, na ndiyo hiyo hiyo tunayofundishwa chuoni mpaka leo: kisia kwamba jibu ni e yenye kipeo rt, liweke ndani ya mlinganyo, kisha tafuta r. Tatizo la mabadiliko linageuka kuwa aljebra ya kidato cha pili.

Miaka hiyo hiyo Mfaransa Pierre Bouguer alikuwa kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, alikotumwa na wenzake kupima umbo la dunia. Huko juu, mbali kabisa na bandari, aliandika kitabu kuhusu meli, kikatoka mwaka 1746. Ndani yake mna wazo la metasenta. Meli ikiinama kidogo, msukumo wa maji kutoka chini unahamia upande ulioinama. Chora mstari wa kwenda juu kutoka pale msukumo ulipohamia. Unapokutana na mstari wa katikati ya meli ndipo metasenta ilipo. Ikiwa juu ya kitovu cha uzito, maji yanairudisha meli wima. Ikiwa chini yake, maji hayo hayo yanazidi kuiangusha. Euler naye alifika kwenye kipimo kama hicho kwa njia yake, katika kitabu chake cha meli cha mwaka 1749.

Hebu tuviunganishe. Tuite θ pembe ya kuinama, I ukaidi wa meli dhidi ya kugeuzwa, W uzito wake, na h umbali kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta. Kwa pembe ndogo:

I θ'' + W h θ = 0

Alama mbili juu ya θ zinamaanisha mchapuko wa kuinama, ndiyo maana mlinganyo unaitwa wa oda ya pili. Tumia kisio la Euler, utapata r² = −Wh/I.

Kama h ni chanya, r ni kipeuo cha pili cha namba hasi, na jibu ni mawimbi ya sine na kosine: meli inakwenda na kurudi. Muda wa mrama mmoja ni 2π√(I/Wh). Chukua meli ambayo uzito wake umetawanyika, kwa wastani wa hesabu hii, mita 4 kutoka mhimili wake. Ikiwa h ni mita 1, mrama mmoja ni sekunde 8. Pandisha mizigo na watu sitaha ya juu mpaka h ibaki robo mita: sekunde 16. Umeona? Mrama umekuwa wa pole na starehe, kumbe nguvu ya kuirudisha meli imebaki robo.

Endelea kupakia juu mpaka h iwe hasi. Hapo r² ni chanya, na moja ya majawabu ni e inayokua kadiri muda unavyopita. Hakuna kurudi tena. Meli italala upande na kubaki hivyo, au itapinduka. Kilichobadilika kwenye mlinganyo ni alama moja tu, kutoka chanya kwenda hasi.

Mwaka 1861 Mwingereza William Froude aliongeza upande wa kulia wa mlinganyo: nguvu ya mawimbi. Alionyesha kwamba mawimbi yakija kwa muda unaolingana na mrama wa meli yenyewe, pembe inakua sana hata kama kila wimbi ni dogo, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama eneo la Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilisema waliokuwemo walikuwa zaidi ya 2,400, na waliokufa au kupotea ni zaidi ya 1,500. Mlinganyo peke yake hauelezi kila kitu kilichotokea usiku ule. Kuna maji yaliyoingia, kuna maamuzi ya watu. Lakini unaeleza kwa nini idadi ya abiria na mahali mizigo inapowekwa si urasimu wa bandarini. Kila gunia linalopanda juu linapunguza h.

Wazee husema chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi nadhani kwa meli ya abiria methali hiyo inatusamehe mapema mno. Manahodha wa majahazi walijaza farumi chini ya chombo kabla ya Euler kuzaliwa, na h inaweza kupimwa bandarini: hamisha uzito unaoujua kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, pima meli imeinama kiasi gani, hesabu inabaki kuwa ya nusu ukurasa.

Kwa hiyo safari ijayo ya Pemba, toa simu yako na uhesabu sekunde. Ukiona meli imejaa watu juu, inalala, inakawia kana kwamba inafikiri, kisha ndiyo inarudi, usifurahi kwamba bahari imetulia. Kamuulize baharia mmepakia watu wangapi.