Jiwe la Shinkolobwe na Fumbo la Kipimo

Kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, karibu na Likasi, liko shimo la Shinkolobwe. Union Minière ilianza kulichimba mwaka 1921, na radiamu yake, iliyosafishwa Olen nchini Ubelgiji, ikatawala soko la dunia.

Kuhusu madini hayo liko fumbo. Nusu ya atomu za radiamu huvunjika katika miaka 1600 hivi, lakini hakuna awezaye kutaja ni ipi itakayovunjika leo. Oktoba 1927 wanafizikia 29 walikutana Brussels, Marie Curie akiwamo. Bohr na Einstein wakabishana juu ya mambo ya namna hiyo.

Mwaka 1935 Schrödinger alibuni kisa cha paka aliyefungiwa sandukuni. Atomu moja ikivunjika, nyundo hupasua chupa ya sumu. Kwa mujibu wa mlinganyo, paka yu hai na mfu kwa pamoja mpaka atazamwe. Alikusudia dhihaka, jambo ambalo wengi husahau. Mlinganyo hausemi kipimo ni nini, wala hutokea lini.

Je, lazima awepo mtazamaji? Wachimbaji wa Shinkolobwe walichambua mawe kwa mikono. Mnururisho uliacha alama mwilini bila mtu kuutazama. Kwa maoni yangu, nyama ya mchimbaji ilikuwa kipimo tayari. Wanafizikia wengi leo wangekubali, ingawa bado hawajapatana kwa nini tokeo moja tu ndilo huonekana.

Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, ilitoka katika shimo hilohilo.