Mafua wakati wa janga: uende kazini au ubaki nyumbani?

Umeamka alfajiri. Pua inachuruzika, koo linawasha, lakini nguvu unazo. Maharage yanasubiri kuvunwa, abiria wako stendi, wateja wanataka chai. Siku za kawaida usingejiuliza mara mbili, maana mafua hayajawahi kumzuia mtu kushika jembe. Wakati wa janga mambo ni tofauti. Swali hili tunaulizwa mara kwa mara na wasikilizaji wetu wa Kasulu na Kibondo, na hapa tunalijibu hatua kwa hatua.

Kwa nini uamuzi ni wako

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Shule zilifungwa mara moja. Majirani zetu wa Rwanda na Uganda waliamriwa kukaa ndani, lakini kwetu masoko, mashamba, usafiri na nyumba za ibada viliendelea. Kwa hiyo kila mtu alijiamulia mwenyewe mlangoni kwake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura hiyo tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi bado kipo, na magonjwa mengine ya njia ya hewa yanaweza kuja. Somo lenyewe halijapitwa na wakati: mtu anaweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaona dalili, na siku za mwanzo za dalili ndizo hatari zaidi. Yaani unapojiona una "kamafua tu", huenda ndipo unapoambukiza sana. Kwako kikapita kwa siku tatu, kwa bibi mwenye kisukari kikamlaza hospitali.

Swali la kwanza: una dalili gani?

Mafua ya kawaida na UVIKO-19 huanza kwa kufanana. Hata mganga hawezi kuyatofautisha kwa macho, mpaka apime.

Kuna mafua ya vumbi, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti barabara zinapokauka. Hayo huja ukikutana na vumbi, huwasha pua na macho, na hayana homa. Kama unayajua ya kwako ya kila mwaka, na hakuna jipya, endelea na kazi. Lakini ukiona kikohozi kipya, mwili kuuma, au umepoteza harufu na ladha, jihesabu kuwa unaweza kuambukiza.

Ukiwa na homa, usiende kazini. Nenda zahanati. Mkoa wetu ni wa malaria: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya watoto wadogo. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache. Pia Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, mkoa jirani wa Kagera, nao huanza kwa homa kali ya ghafla na kichwa kuuma. Usimeze dawa ya kushusha homa kisha ukaondoka kana kwamba umepona. Dawa hiyo inaficha homa tu, kirusi kinabaki palepale.

Swali la pili: kazi yako inakukutanisha na nani?

Kazi si zote sawa. Anayepalilia shamba lake peke yake, mwenye mafua mepesi bila homa, anaweza kwenda akipita njia isiyo na watu na kurudi. Hewa ya shambani ni wazi na hakuna anayemkaribia.

Wenye kazi zifuatazo wabaki nyumbani kwanza:

- Mhudumu wa afya na anayelea wazee au wagonjwa.
- Mwalimu, kwa sababu darasa moja hufikisha ugonjwa kwenye kaya nyingi.
- Mama lishe na muuza chai, wanaoshika chakula na vikombe vya watu.
- Anayefanya kazi kwenye chumba chenye hewa nzito, kama mashine ya kusaga au duka dogo.
- Bodaboda, kwa sababu abiria anakaa mgongoni kwake.

Kazi ya ujima, kama kumenya mihogo au kupukuchua mahindi mkiwa mmebanana, nayo ina hatari. Omba sehemu yako uifanye pembeni, au ulipe zamu yako ukishapona.

Swali la tatu: je, mfuko unaruhusu?

Hapa ndipo penye ugumu, na tusijidanganye. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri ana haki ya kudai cheti cha daktari, kwa hiyo usikae nyumbani kimya. Pima, chukua cheti, toa taarifa.

Kibarua wa kutwa hana kinga hiyo. Akikosa siku, anakosa unga. Kumwambia "baki nyumbani" bila kumwambia atakula nini ni maneno matupu. Ndiyo maana tunasema jambo hili lipangwe kabla ya ugonjwa kuja. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii. Kaeni mkubaliane kwamba mwanachama mwenye dalili atapewa kiasi fulani kwa siku anazopumzika. Mwenye shamba naye ampe mwenye mafua kazi ya peke yake badala ya kumfukuza. Akimfukuza, kesho kibarua mwingine ataficha kikohozi chake, na shamba zima litaugua.

Kama huna namna, lazima utoke

Vaa barakoa inayofunika pua na mdomo. Fanya kazi mahali pa wazi, mbali na wenzako kadiri unavyoweza. Nawa kwa maji tiririka na sabuni. Beba kikombe chako, na usinywe pombe kwa mrija wa pamoja. Salamu isikusumbue: sisi wa Buha tunajua kusalimiana kwa makofi, heshima ikabaki bila kushikana mikono.

Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021. Inapunguza sana hatari ya kuugua vibaya, lakini aliyechanja bado anaweza kuambukiza. Usiitumie kama kibali cha kwenda na kikohozi sokoni.

Ukibaki nyumbani

Lala chumba chako ikiwezekana, dirisha wazi. Wazee wasikae karibu nawe. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, akivaa barakoa na kunawa mikono. Kunywa maji na uji. Nyungu inaweza kuzibua pua, lakini haiui kirusi, na chungu cha maji ya moto kimewahi kuunguza wengi. Watoto wasikaribie.

Ukipimwa ukakutwa na UVIKO-19, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2023 unasema mwenye dalili ajitenge siku 10 tangu dalili zilipoanza. Anaweza kutoka mapema kipimo cha haraka kikionyesha hana tena. Kama kipimo hakipatikani na ugonjwa umeenea kijijini, hesabu siku hizohizo.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri ukiona:

- kupumua kwa shida au kifua kubana
- kuchanganyikiwa au kushindwa kuamka vizuri
- midomo kugeuka rangi kuwa ya buluu
- homa isiyoshuka, au kushindwa kunywa

Kabla ya kwenda, au ukiwa na swali lolote, piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Haikatwi salio. Eleza dalili zako na siku zilipoanza, nao watakuelekeza.