Nani Alimwita Bibi?

Kwenye kipindi kilichopita tulizungumza habari za visa za familia: nani kafanikiwa kumleta mkewe kutoka Dar es Salaam, nani anahangaika kumleta mamake, nani keshachoka. Mimi, kwa kujiamini kabisa, nikasema hizi ni shida za siku hizi tu. Wazee wetu walipanda chombo wakaja zao. Bibi yangu alikisikiliza kipindi chote kule Ibra, simu kaiweka juu ya mto. Kilipoisha akanipigia.

"Umewadanganya watu," akasema. "Mie sikuja. Mie niliitwa."

Ijumaa ile nikaenda Ibra. Haya ninayoandika ni marekebisho yangu.

Kwanza nijitetee kidogo. Kwa babu wa babu zetu, nilichosema ni kweli. Mtu wa Ibra aliyetaka kwenda Unguja aliteremka mpaka Sur, akatafuta nahodha, wakapatana nauli. Kaskazi ilimpeleka kati ya Desemba na Machi, na kusi ikamrudisha kuanzia Aprili. Sayyid Said bin Sultan mwenyewe alihamishia makao yake Unguja. Na hata dola ilipogawanywa mwaka 1861, Maskati na mtawala wake na Unguja na wake, watu wa Sharqiyah na Dakhiliyah waliendelea kuvuka. Huku ukame na madeni, kule karafuu na njia za biashara mpaka Tabora na Ujiji. Nani angebaki?

Karatasi zilikuwepo, lakini zilikuwa za chombo, si za abiria. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur walichukua hati na bendera za Ufaransa ili manuari za Waingereza zisiwapekue. Waingereza na Wafaransa wakagombana, na mwaka 1905 kesi ikafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, Uholanzi, ambayo ilipunguza sana idadi ya wenye haki ya kupandisha bendera ile. Yaani dola mbili kubwa zinashindana juu ya hati za watu wa Sur, na hakuna aliyeuliza waliomo ndani ni nani na wanamfuata nani.

Waliomo ndani wengi walikuwa wanaume. Mke alibaki Ibra na mitende. Mume akifika mwambao au bara, alioa tena. Ndiyo maana katika nyumba zetu kuna bibi Mpemba, bibi Mnyamwezi, bibi Mngazija. Wengine hawakuolewa kwa hiari yao, walikuwa masuria, na hilo nalo tusilifiche. Lakini hakuna mume aliyeomba visa ya mke, kwa sababu yeye ndiye aliyemkuta mke kwao. Swali la kumleta mke Omani lilikuja pale safari ilipogeuka.

Mlango uliofungwa

Safari iligeuka tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi ya Zanzibar yaliua watu kwa maelfu, na Waarabu ndio walioumia zaidi. Wengine waliwekwa kambini, wengine wakapakiwa vyomboni wakapelekwa Maskati. Babu yangu alikuwa na duka dogo Wete, Pemba. Aliondoka na nguo alizovaa, akaishia Dubai.

Kwa nini Dubai na si Ibra, kwa wazee wake? Hapa ndipo wengi wetu tunaposimulia vibaya. Tunasema "tulirudi Omani baada ya mapinduzi" kama vile mlango ulikuwa wazi. Haukuwa. Sultani Said bin Taimur, aliyekuwa akikaa Salalah, alishika mwenyewe ruhusa za kuingia na kutoka, na hakuwaamini watu waliosoma nje. Watu wa huku kwetu walikuwa na tatizo la ziada. Vita vya Jabal Akhdar, 1957 mpaka 1959, viliisha kwa Imamu Ghalib bin Ali, aliyekuwa na makao Nizwa, kukimbilia nje. Mmoja wa vigogo waliokuwa upande wake ni Shehe Salih bin Isa al-Harthi, mtu wa Sharqiyah hii hii. Mkataba wa Seeb wa 1920 ulikuwa umewaahidi watu wa ndani kuwa wataingia na kutoka miji ya pwani bila kuzuiwa. Baada ya vita ahadi hiyo haikuwa na kazi tena. Basi watu wetu wakatawanyika, Dubai, Kuwait, Cairo, Uingereza, wakisubiri.

Babu akasubiri Dubai. Bibi akasubiri Wete, na watoto watatu mkononi na wa nne tumboni.

Mababa saba

Tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos alishika nchi, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali. Watu wanaojua kalamu na Kiingereza walihitajika wizarani, polisi, jeshini, kwenye kampuni ya mafuta, na Wazanzibari walikuwa nao ujuzi huo. Hiyo ndiyo historia tunayopenda kuisimulia.

Lakini kuitwa na redio si kuitwa kwa jina. Ukifika afisini unaulizwa: wewe mtoto wa nani, kabila gani, nani anakujua? Uomani ulipita kwa baba. Kwa hiyo mtu alikwenda kwa shehe wa kabila lake, katika mji ambao pengine hajauona maisha yake, akahesabu: fulani bin fulani bin fulani. Shehe akiitikia, barua inaandikwa.

Na wenye kuitikia nao wana yao. Miaka yote ile, binamu waliobaki ndio waliotunza mitende na zamu za maji ya falaji, zinazohesabiwa kwa athar, nusu saa kwa nusu saa. Ukimtambua ndugu yako wa Pemba, umemtambua mrithi. Babu alipofika Ibra mwaka 1971 alikaa siku tatu kwenye sabla, lile baraza la wanaume, akinywa kahawa na kula tende, na barua haiandikwi. Siku ya nne akasema mbele ya watu kwamba hadai hata mtende mmoja. Jioni ile ile barua ikaandikwa.

Barua hiyo ipo. Bibi aliitoa kwenye kisanduku cha bati, akanipa niisome kwa sauti, maana Kiarabu chake ni cha kuswalia. Nikaanza: jina la babu, la babake, la babu yake, mababa saba mpaka kabila. Halafu mstari mmoja: na mkewe na watoto wake wanne. Basi.

"Jina langu wameliweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia halimo.

"Najua halimo. Nilitaka usome mwenyewe."

Aliyebaki

Kwa mstari ule mmoja, bibi alitoka Pemba mwaka 1972, usiku, kwa chombo cha wavuvi mpaka Mombasa, maana kutoka Zanzibar nako wakati ule kulitaka ruhusa. Karatasi ya Ibra ilimwita yeye na wanawe. Haikuweza kumwita mamake, Mpemba, mjane, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Katika hesabu ya mababa, mama wa mke hana pa kuingilia. Babu alijaribu mara mbili. Afisa mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa: huyu nani kwako? Mama wa mke wangu. Kabila lake? Hakuwa nalo la kutaja.

Alikufa Wete mwaka 1981. Barua ya habari ilifika siku 19 baada ya maziko.

Bibi aliniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mie nimepata nchi, alhamdulillahi. Wanangu wamesoma, nimekwenda Hija. Lakini kila nikisikia Wazanzibari walirudi kwao, najiuliza, nani? Babu yako karudi kwao. Mie nimeondoka kwetu."

Tangu hapo neno "kurudi" linanikwama. Wangapi kati ya wale tunaowaita waliorudi walikuwa wanawake kama yeye, walioingia nchi ambayo si ya mama wala baba yao? Na hao ndio waliotulea. Babu na baba zetu walikuwa Maskati kazini wiki nzima. Aliyekuwa nyumbani akiita "njooni mle" ni yule aliyeandikwa "na mkewe". Kiswahili chetu cha Ibra, Sur na Nizwa tumekipata kwake zaidi kuliko kwa wale mababa saba.

Sheria nayo imeendelea kumfuata baba. Sheria ya uraia ya 1983, ile ya 2014 na hii mpya ya 2025, zote kwa kawaida zinamtazama baba kwanza. Mwaka 1993, amri ya kifalme namba 58/93 ilimtaka Mwomani apate ruhusa ya serikali kabla hajaoa au kuolewa na mgeni, na wengi wenu mnamjua mtu aliyeingoja ruhusa ile. Amri namba 23/2023 ikaifuta ile ya zamani, na sharti la ruhusa likaondoka.

Ndiyo iliyomsaidia binamu yangu. Kaoa Wete, mtaa wa pili kutoka lilipokuwa duka la babu, na visa ya mkewe imetoka mwezi uliopita. Nilimwonyesha bibi picha yake kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akatafuta.

"Jina lake liko wapi?"

Nikamwekea kidole. Lipo, juu, kwa herufi kubwa. Akalitazama muda mrefu.

"Na mamake je?"

Sikuwa na jibu, na binamu yangu naye hana. Huyo mama ana miaka 61 na anaishi peke yake. Kipindi kijacho tutaanzia hapo. Kabla ya siku hiyo, kila mwenye bibi hai akamuulize nani alimwita, kwa karatasi gani, na nani alibaki. Mrekodi, na mliandike jina la mamake.