Fundi na Mhandisi: Safari ya Elimu ya Uhandisi Kwetu

Katika lugha yetu, fundi na mwanafunzi wametoka shina moja. Kitenzi "funda" ndicho kilichozaa mafunzo, mafundisho na ufundi, na wahenga walioyaunga maneno hayo walikuwa wakieleza jambo waliloliona kila siku ufukweni. Kijana aliyetaka kuunda jahazi hakusomeshwa kwanza akapewa kazi baadaye. Alianza kwa kufagia vumbi la mbao na kusokota pamba ya kalafati, akakabidhiwa tezo, akajifunza kuchagua kwa jicho mti unaofaa mataruma, na miaka ilipita kabla hajaaminiwa kuulaza mkuku. Mhandisi, kwa upande wake, ni neno geni lililotufikia kwa Kiarabu, ambamo handasa ni elimu ya vipimo na maumbo. (Waarabu nao waliliazima shina lake kwa Waajemi.) Historia ya elimu ya uhandisi katika Afrika ya Mashariki naiona kuwa ni historia ya kuwatafutia wawili hawa nyumba moja.

Jaribio moja lililowagusa watu wa visiwani lilifanyika Mombasa. Chuo cha Elimu ya Waislamu, maarufu kwa jina la MIOME, kilipokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1951. Miongoni mwa waliokichangia walikuwamo Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Chuo hicho kilifunza ufundi, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Aliyetaka shahada ya uhandisi ilimpasa aende Nairobi, ambako chuo cha kifalme cha ufundi kilifungua milango mwaka 1956. Hata Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, mgawanyo ulibaki ule ule: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Muungano huo wa vyuo ulipovunjika mwaka 1970, Tanzania ilijikuta haina pa kuwasomeshea wahandisi wake.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Kilianza na uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Lakini sifa yake kubwa kwangu haimo katika orodha ya masomo. Waasisi wake waliamua kwamba mwanafunzi asipate shahada pasi na kushika spana. Mwaka wa masomo ulipokwisha, badala ya kurudi kwao kupumzika, alipelekwa kwa wiki kadhaa kiwandani, kwenye mtambo wa umeme au barabara inayojengwa. Huko aliandika kila siku alichokifanya, na mwalimu wake alimfuata kumkagua. Mpango huo ulikuwa na pa kusimamia, kwani nchi yenyewe ilikuwa ikijengwa: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kikifanya kazi, reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na mitambo ya Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975. Mwanafunzi aliyekosea kipimo darasani alipoteza alama. Kiwandani alisimamisha mashine na kuonana uso kwa uso na fundi aliyeitunza kwa miaka mingi. Nathubutu kusema kwamba fundi huyo, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha chuo, alikuwa nusu ya kitivo.

Msingi huo ulitikisika viwanda vilipodhoofika katika miaka ya 1980, na vingi vikauzwa au kufungwa katika miaka ya 1990. Mitaala ilibaki kudai mafunzo ya vitendo, bali milango ya kubisha ilipungua. Mhitimu akatoka na hesabu zake kamili kichwani, na mikono mitupu.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ilijaribu kuliziba pengo hilo. Tangu 2003 inaendesha mpango wa kuwapeleka wahitimu kazini chini ya uangalizi wa wahandisi waliosajiliwa, kwa muda wa miaka mitatu, kabla ya kuomba usajili. Uanagenzi wa ufukweni umerudi, ila safari hii una fomu na mihuri. Ubaya wake ni kwamba unakuja baada ya shahada, na nafasi zake hutegemea waajiri walio tayari kumpokea kijana asiyeleta faida ya haraka.

Jambo hili sasa limetufikia mlangoni. Mwaka 2023, huko Bweleo, Unguja, ilifunguliwa kampasi ya chuo cha teknolojia cha Madras, ya kwanza ya vyuo vya IIT kuwa nje ya India. Ilianza na sayansi ya data na akili bandia, elimu ambazo karakana yake haina moto wala nyundo. Hata hivyo data ina pwani yake: mizigo ya bandari ya Malindi, maji yanayovuja mabombani, umeme unaotoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Katika ofisi zinazosimamia mambo hayo wamo watu wanaozijua mita zao na pampu zao kama nahodha anavyozijua pepo. Wangapi kati yao wamekwisha kuombwa wapokee mwanafunzi mmoja?